Magamba kwenye mindimu, miembe na minazi: namna ya kuyaondoa bila kuunguza mti

Maswali ni yale yale kila msimu. "Mndimu wangu una vidoa vyekundu majani yote, ni ugonjwa gani?" "Nimepiga dawa mara tatu na vidoa bado vipo." "Maembe yametoka madoa ya waridi, wateja wanayakataa." "Mche niliununua mzuri kabisa, sasa unakauka tawi baada ya tawi." Mara nyingi anayehusika ni mmoja: wadudu magamba. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mti mmoja uani, awe Mwanakwerekwe, Unguja, au Wete, Pemba, na pia wa mwenye shamba la michungwa huko Wilaya ya Kati. Kazi ni ile ile, kinachozidi ni maji na muda.

Kabla ya yote, shika jambo hili: dawa nyingi haziingii ndani ya gamba. Anayekufa kwa urahisi ni mtoto aliyetoka chini ya gamba la mamake na bado hajajijengea lake. Shabaha yetu ni hao watoto, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa ajili yao.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe

Mdudu gamba akiwa mkubwa ana milimita 1 hadi 3 tu. Jike hana mbawa, hana miguu, hatembei. Amechomeka mdomo wake kwenye jani, tawi au tunda, anafyonza hapo hapo, na hapo hapo ndipo atakapofia. Juu yake amejijengea kifuniko cha nta iliyochanganyika na ngozi alizojivua. Hicho kifuniko ndicho unachokiona kama kidoa.

Fanya kipimo cha kucha. Chagua kidoa kimoja kikubwa, kinyanyue taratibu pembeni kwa ukucha au ncha ya pini. Kifuniko kikibanduka peke yake na chini yake pakabaki kidude laini cha njano kimeshikamana na jani, umempata: huyo ni gamba gumu, ndiye wa mwongozo huu. Kikitoka kizima, kifuniko na mwili pamoja, huyo ni mdudu gamba laini, na matibabu yake yana tofauti kidogo. Kisipobanduka kabisa, au kikikwaruzika kama sehemu ya gome, huenda ni ukoga tu unaoota kwenye magome ya miti baada ya masika. Pemba unyevu ni mwingi na ukoga huu umejaa kwenye michungwa. Watu wanaupiga dawa bure.

Dalili ya pili ni utamu. Wadudu magamba laini, vidung'ata (wale weupe kama pamba) na vidukari hutoa maji matamu. Jani linanata, linaota ukungu mweusi wa masizi, na chungu wanapanda na kushuka kwa mistari. Magamba magumu tunayoyazungumzia hapa hayatoi utamu huo. Kwa hiyo jani jeusi linalonata lisikufanye ukimbilie mwongozo huu. Kwenye mikarafuu, kwa mfano, majimoto, wale chungu wekundu wa mtini, wanalea magamba laini kwa ajili ya huo utamu. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Unguja katika miaka ya 1950 na mtaalamu M. J. Way, na aina mojawapo ya magamba hayo ina jina la kisiwa, *Saissetia zanzibarensis*.

Sasa tazama mti wenyewe.

Kwenye mindimu, michungwa, michenza na mibalungi, anayesumbua zaidi ni gamba jekundu, *Aonidiella aurantii*. Ni duara, rangi ya kutu, anakaa juu na chini ya jani, kwenye vijiti na kwenye maganda ya matunda. Jani linapata mabaka ya njano, linaanguka, kisha vijiti vinakauka kuanzia nchani. Huyu hatagi mayai ya kuonekana. Anazaa watoto hai, wawili watatu kila siku kwa wiki kadhaa. Yupo pia gamba la zambarau, *Lepidosaphes beckii*, refu na lililopinda kama kome mdogo, ambaye anapenda sehemu za ndani ya mti zenye kivuli.

Kwenye miembe angalia gamba jeupe, *Aulacaspis tubercularis*. Jike ni kiduara cheupe chenye doa jeusi pembeni. Madume ni vijistari vyeupe vyembamba vilivyojikusanya makundi makundi kumzunguka jike. Embe likiiva, pale alipofyonza panabaki doa la waridi au la njano isiyoiva. Nyama ya ndani haina neno na inalika, lakini sokoni bei imeshaanguka.

Kwenye minazi, geuza kuti uangalie chini. Gamba la mnazi, *Aspidiotus destructor*, ni jembamba hadi unamuona mdudu wa njano ndani yake na mayai yake yakimzunguka. Ukitazama kwa juu, ukuti una mabaka ya njano, na yakizidi kuti zima linageuka rangi ya udongo. Mnazi nimeuwekea sehemu yake mbele, maana hautibiwi kama mndimu.

Maisha yake kwa maneno machache

Mtoto akitoka chini ya gamba ana miguu na ana takriban robo ya milimita. Anatambaa kwa saa chache, kwa kawaida haizidi siku moja au mbili, halafu anachomeka mdomo na kuanza kujenga kifuniko. Katika muda huo mfupi ndipo anapohamia mti mwingine, kwa upepo, kwa miguu ya ndege, kwa nguo za mchumaji na kwa panga. Kwa joto la visiwa vyetu kizazi kimoja kinakamilika ndani ya mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, na hakuna baridi ya kuwasimamisha. Ndiyo maana wakati wowote utakuta wakubwa, wadogo na mayai kwenye jani moja, na ndiyo maana kupiga dawa mara moja hakutoshi hata siku moja.

Unachohitaji

- Kioo cha kukuzia, au simu yenye kamera nzuri. Piga picha kwa karibu kisha ivute, inatosha kabisa.
- Pini na kipande cha karatasi nyeupe.
- Salotepu ya kawaida ya wazi.
- Mkasi wa kupogolea au msumeno mdogo. Panga linachana matawi, liache.
- Mswaki wa zamani na kitambaa laini.
- Mafuta ya kula yasiyoganda, kama ya alizeti.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Usitumie ya unga ya kufulia, wala yenye klorini.
- Chupa ya kupulizia kwa mti mdogo, au bomba la mgongoni la lita 16.
- Bomba la sindano au kikombe cha kupimia chenye alama za mililita.
- Maji ya mvua, au maji laini.
- Glavu, miwani au kitu cha kukinga macho, na shati la mikono mirefu.

Nisisitize maji. Visima vya maweni, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, upande wa mashariki na kusini mwa Unguja hasa, vina maji ya chokaa na mara nyingine yana chumvi kwa mbali. Sabuni ndani yake haitoi povu, inaganda mabonge, na mafuta yanakataa kuchanganyika. Jaribu kwanza: tia maji kwenye chupa ndogo, tone moja la sabuni, tikisa. Povu likikosekana au ukaona utando mweupe unaelea, tafuta maji ya mvua. Dumu moja ulilokinga wakati wa vuli linatosha kwa miti kadhaa midogo.

Hatua kwa hatua

1. Kagua mti mzima. Anza na majani ya ndani na ya chini, upande wa chini wa jani kando ya mshipa mkuu, halafu vijiti, kisha matunda pale kikonyo kinapoungana nayo. Funga kitambaa kwenye matawi yenye magamba mengi ili uyatambue ukirudi.

2. Jua kama wako hai. Chukua majani kumi kutoka pande tofauti. Fungua magamba ishirini kwa pini juu ya karatasi nyeupe. Mdudu hai ni laini, ana rangi ya njano, ukimbonyeza anatoa maji. Aliyekufa ni mkavu, wa rangi ya udongo, au ni vumbi tupu. Na ukiona kwenye gamba tundu moja la duara, safi, lililotobolewa kutoka ndani, furahi. Hapo nyigu mdogo kuliko mdudu gamba mwenyewe ametaga, mtoto wake amemla mdudu na kutoka. Mimi nikikuta zaidi ya nusu ya magamba ni makavu au yana matundu, sipigi chochote. Naondoa matawi mabovu tu na kuuacha mti uendelee, maana walinzi wake wako kazini na dawa yangu ingewaua.

3. Pogoa. Kata matawi yaliyokauka na yale yaliyofunikwa kabisa. Fungua katikati ya mti ili mwanga na hewa vipite. Itakusaidia pia dawa kufika ndani. Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mkupuo, kwani jua kali la kaskazi linaunguza gome lililozoea kivuli. Matawi uliyokata yachome au yafukie. Ila kama yalikuwa na matundu mengi ya nyigu, yalundike hatua kumi au zaidi kutoka kwenye miti yako kwa wiki moja au mbili. Magamba yatakauka na nyigu watatoka warudi kazini. Usiyalaze kamwe chini ya mti ule ule.

4. Sugua panapofikika. Kwa mti mdogo au mche, hatua hii pekee inaweza kumaliza kazi. Lowesha mswaki kwenye maji ya sabuni, sugua shina na vijiti taratibu kufuata urefu wa tawi, kisha pangusa majani kwa kitambaa. Gamba likishabanduliwa, jike haliwezi kulijenga upya wala kurudi mtini. Kwa mipapai nashauri uishie hapa: majani yake yanaungua haraka kwa mafuta na sabuni, na magamba meupe ya mpapai kwa kawaida yanakaa shinani ambako mswaki unafika.

5. Tega salotepu. Chagua vijiti vinne vyenye magamba hai, kila upande wa mti kimoja. Zungushia salotepu, upande wa gundi ukiwa nje. Badilisha kila wiki. Utazame kwa kioo au kwa simu: watoto wataonekana kama nukta za njano au za rangi ya chungwa zilizonasa. Wakianza kuonekana kwa wingi, hiyo ndiyo siku yako. Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu inachukua wiki mbili tatu bila kupiga chochote, na mti unaendelea kuonekana mbaya. Vumilia. Mpigo mmoja siku watoto wametoka una faida kuliko minne iliyopigwa ovyo.

6. Mwagilia siku moja kabla. Mti wenye kiu unaungua. Kama udongo umekauka, mwagilia jioni, piga dawa kesho yake.

7. Changanya. Kwa lita 1 ya maji, mafuta ya kula mililita 10, ambayo ni vijiko viwili vya chai, na sabuni ya maji mililita 5, kijiko kimoja cha chai. Kwa bomba la lita 16, mafuta mililita 160 na sabuni mililita 80. Utaratibu ndio wenye maana: tia mafuta na sabuni pamoja kwenye chupa, tikisa sana, ongeza maji nusu lita, tikisa tena mpaka yawe meupe yote na hakuna jicho la mafuta linaloelea, jaza bomba nusu kwa maji, mimina mchanganyiko, malizia maji. Ukimwaga mafuta moja kwa moja kwenye bomba lililojaa, yataelea juu: tawi la kwanza litapata maji matupu na la mwisho litaunguzwa na mafuta matupu.

8. Jaribu kwenye tawi moja. Piga tawi moja, subiri siku mbili. Ncha za majani zikibaki salama, endelea. Zikigeuka rangi ya udongo, punguza mafuta na sabuni kwa nusu na ujaribu tawi jingine.

9. Piga mti mzima. Anza baada ya alasiri jua likishapungua makali, au asubuhi mapema jani likiwa halina umande. Anzia ndani kuelekea nje, chini kwenda juu, mdomo wa bomba ukitazama juu ili upate chini ya majani. Mafuta yanaua kwa kuziba pumzi, kwa hiyo gamba au mtoto asiyeguswa hafi. Piga mpaka majani yaanze kudondosha. Mndimu wa urefu wa mtu unakula lita 3 hadi 5. Ukimaliza kwa lita moja, umelowesha nje tu. Tikisa bomba kila baada ya dakika chache.

10. Rudia. Baada ya siku 10 hadi 14 piga tena, na mara ya tatu baada ya siku nyingine kama hizo. Kabla ya kila mpigo tazama salotepu. Ikiwa safi wiki mbili mfululizo, simama.

Ukiwa na mwarobaini karibu, unaweza kuutumia kwa zamu mojawapo. Twanga kokwa kavu za mwarobaini gramu 50 kwa kila lita ya maji, roweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, piga jioni siku hiyo hiyo, kwani jua linaiharibu nguvu yake haraka. Unawasumbua watoto, magamba makubwa hayatishiki.

Makosa yanayoumiza mti kuliko mdudu

Mafuta ya taa, dizeli na oili chafu ya gari. Tafadhali, usithubutu. Vinaua magamba, ni kweli, na vinaua gome pamoja nayo. Mti hauonyeshi siku ile. Unakauka taratibu wiki kadhaa baadaye na watu wanasema ni ugonjwa.

Kupiga mafuta juu ya salfa. Kama umetumia salfa kwa ajili ya ukungu, subiri mwezi mzima kabla ya mafuta, na kinyume chake. Viwili hivyo vikikutana majani yanaungua vibaya.

Kupiga mti ukiwa na maua. Mafuta yanaangusha maua, na nyuki wapo. Subiri matunda yakamate.

Dawa kali za dukani za kuua kila kitu. Hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mtu anatoa pesa yake kuununua msiba. Dawa za jamii ya pairethroidi zinaua nyigu na wale wadudu weusi wa mgongo mviringo unaong'aa wanaokula magamba, huku jike likiwa salama ndani ya nyumba yake. Miezi miwili baadaye magamba yanarudi mara dufu, mkulima anaongeza dawa, na mzunguko hauishi. Vile vile dawa ya kumwaga shinani yenye imidakloprid: inafanya kazi vizuri kwa magamba laini na vidung'ata kwa sababu wanafyonza utomvu unaopanda na dawa. Magamba magumu mengi hayafyonzi utomvu huo, yanakula ndani ya chembechembe za jani, kwa hiyo dawa inawapita. Zipo dawa zinazozuia ukuaji wa watoto, kama zenye buprofezini au piriproksifeni, ambazo kwa shamba kubwa lililozidiwa zinaweza kufaa. Hizo zungumza kwanza na bwana shamba au bibi shamba wako, soma kibandiko, na uheshimu idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Vumbi. Miti iliyo kando ya barabara ya kifusi ina magamba mengi kuliko ya ndani ya shamba, kwa sababu vumbi linawakwaza nyigu. Kuosha miti hiyo kwa maji matupu wakati wa kiangazi, mara moja kwa wiki, ni dawa yenyewe.

Minazi

Mnazi mrefu haupigwi bomba, na simshauri yeyote apande na bomba mgongoni. Unachoweza kufanya ni hiki. Kwa minazi michanga ambayo bado unaifikia, pangusa upande wa chini wa kuti kwa kitambaa cha maji ya sabuni, au piga mchanganyiko ule wa mafuta. Kwa mirefu, mwambie mkwezi, kila anapopanda kwa ajili ya nazi, akate makuti mawili au matatu ya chini yaliyogeuka rangi kabisa, asizidishe. Makuti hayo yachomwe pale pale. Yakiwa bado mabichi usiyasombe kuyapeleka shamba jingine hata kama mtu anayataka kwa kuezekea. Yaache yakauke kabisa kwanza. Mkwezi naye aanze na minazi mizima, amalizie na yenye magamba, kwa sababu watoto wanasafiri kwenye nguo na kamba yake.

Kazi iliyobaki ni ya wadudu walinzi. Fiji mwaka 1928 walileta kutoka Trinidad mdudu mmoja mdogo mweusi mla magamba, *Cryptognatha nodiceps*, na magamba ya mnazi yaliyokuwa yakiteketeza mashamba yakapungua haraka. Sisi tuna jamaa zake. Ukigeuza kuti ukaona vidude vyeusi vya mviringo vya milimita 3 au 4, au vibuu vyenye miiba miiba mgongoni vikitembea kati ya magamba, waache.

Na majimoto je? Kwenye mnazi waache pia. Hao ndio wanaomfukuza kunguni wa mnazi anayefyonza na kuangusha vidaka. Chungu wadogo wa ardhini ni jambo lingine. Kwenye mindimu na michungwa wanawabughudhi nyigu na walinzi wengine, hata pale ambapo magamba hayawapi utamu wowote. Zungushia shina kipande cha plastiki, paka grisi juu ya plastiki, kamwe usipake kwenye gome, na kata matawi yanayogusa ardhi au ukuta ili wasipate njia nyingine.

Mambo yakikwama

*Nimepiga mara tatu na vidoa bado vipo.* Magamba yaliyokufa yanabaki yameganda kwenye mti kwa miezi. Usihukumu kwa macho. Rudia kipimo cha pini, halafu tazama machipukizi yaliyotoka baada ya mpigo wa mwisho. Machipukizi yakiwa safi, umefaulu. Vidoa vya zamani vitaanguka na majani yao.

*Machipukizi mapya nayo yana magamba.* Mara nyingi dawa haikufika ndani ya mti au chini ya majani. Rudi hatua ya tatu, fungua mti zaidi, na upige mchanganyiko mwingi zaidi bila kuuzimua. Kama hapo ulishafanya vizuri, chungulia ng'ambo ya ukuta. Mwembe wa jirani uliojaa magamba utakuletea watoto kwa kila upepo wa kusi, na hapo dawa ya kweli ni kubisha hodi na kuifanya kazi pamoja siku moja.

*Majani yameungua baada ya kupiga.* Osha mti kwa maji mengi, uweke kivuli kama ni mche, mwagilia, usipige chochote kwa mwezi. Yaliyoungua kidogo yaache, bado yanaulisha mti.

*Nimetia mbolea nyingi ili mti upate nguvu, magamba yameongezeka.* Urea nyingi inatoa majani laini yenye lishe ambayo mdudu anayapenda. Punguza, tumia samadi iliyoiva kidogo kidogo, mti ukishapona utaongeza.

*Matunda yana magamba, yanalika?* Yanalika. Yasugue kwa brashi na maji. Kama umetumia dawa ya dukani, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa.

*Mche mpya umekuja na magamba.* Hii ndiyo njia kuu wanayoingilia, kwa hiyo usione haya kugeuza majani ya mche mbele ya muuzaji kabla hujalipa, hasa miche ya kubebesha, yaani iliyounganishwa. Tazama chini ya jani, kwenye kovu la kubebeshea na kando ya macho ya shina. Mche ulioununua uweke peke yake wiki nne mbali na miti mingine, uukague kila wiki, ndipo uupande.

*Sina hakika ni mdudu gani.* Kata majani matano na kijiti kimoja vyenye magamba hai. Vifunge kwenye karatasi kavu, kisha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uandike aina ya mti, kijiji na tarehe. Mpelekee bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako, au kwa Unguja fika kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo Kizimbani. Usipande daladala na tawi wazi mkononi, maana njia nzima utakuwa unawagawia watu watoto wa magamba. Peleka ndani ya siku mbili, kabla majani hayajanyauka na wadudu hawajakauka, ili mtaalamu aone walio hai.